Kamba ya Bwana Afya

Kamba ilikuwa ya katani, na fundo lake lilikuwa limechovywa kwenye wino mwekundu. Bwana Afya aliizungusha kiunoni mwangu mbele ya kijiji kizima, akaivuta, nami nikaacha kupumua. Nilikuwa nimejifunga vitenge viwili, kimoja juu ya kingine, na chini yake, tumboni, mtoto wa miezi mitano alikuwa ametulia kimya, kana kwamba naye ameambiwa asipumue.

"Achia pumzi, mama," alisema Bwana Afya.

Niliiachia. Ncha ya kamba haikulifikia fundo. Palibaki nafasi ya vidole viwili, si zaidi.

"Mwandike," akamwambia mwenyekiti wetu, Mzee Othmar, aliyekuwa na daftari magotini.

Juzi mjukuu wangu Winifrida, ambaye ni muuguzi, alinizungushia kiunoni futi laini kama ya fundi cherehani. Siku hizi serikali inapima viuno tena, kwa ajili ya presha na sukari. Wanatufuata hadi vijijini, wanatuambia tupunguze mafuta na tutembee. "Bibi, inua mikono," aliniambia, na mikono yake ilikuwa na joto, maana aliisugua kwanza ili nisishtuke. Nilicheka, kisha macho yakajaa machozi. Alidhani nimetekenywa. Nikamwambia, kaa chini mjukuu wangu, nitakueleza habari za kamba.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu tuhamishiwe kwenye kijiji kipya cha ujamaa, hapa mwambaoni mwa ziwa, kusini ya Lituhi. Nyumba zilipangwa kwa mistari, na mtu hakuchagua jirani. Sisi tulikuwa Waanglikana wa ziwani, wavuvi, watu wa ugali wa muhogo na usipa, dagaa wa ziwa hili. Jirani yangu wa mkono wa kulia alikuwa Mkatoliki kutoka milimani, upande wa Litembo, aliyeolewa huku chini na kufiwa na mume. Aliitwa Mama Walburga. Alikuwa mwanamke mkubwa. Alipopita, hata mbuzi walimpisha njia. Watu walimwita Gunia, wakimlinganisha na magunia ya kahawa ya kwao, na alipowapa kisogo walijaza mashavu hewa na kutembea kwa kuyumba.

Nami nilifanya hivyo, mara moja, tukiwa majini tunafua. Akageuka ghafla akanikuta mashavu yamevimba kama ya chura.  Kesho yake asubuhi nilikuta mlangoni kwangu kikapu kidogo cha maharage ya milimani, yale makubwa yenye madoa. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na aibu ya siku ile bado ninaijua ladha yake.

Agizo lilitoka juu. Tulielezwa kwamba mijini, na huko kwenye maghala ya kahawa, watu walikuwa wameanza kunenepa. Makarani walianguka kwa presha mezani, na madaktari walikuwa wamelalamika. Wakubwa wakaamua kwamba kitambi ni ugonjwa, tena ni dalili ya kupe, mtu anayenyonya jasho la wenzake. Kila kijiji kipime watu wake. Kila kijiji kilete majina kumi ya wanene, na hao wafanye mazoezi ya afya kwa kazi za maendeleo. Kwetu kazi ya maendeleo ilikuwa shule. Mchanga ulitakiwa kutoka ufukweni hadi juu ya kilima.

Majina kumi! Mara ya kwanza kamba ilizunguka viuno vya kijiji kizima ikapata wawili tu ambao ncha haikulifikia fundo kwao: mzee mmoja aliyevimba bandama, na Mama Walburga. Mzee Othmar mwenyewe alipopimwa alivuta tumbo ndani mpaka macho yakamtoka, na wanawake wakaangua kicheko.

"Mwenyekiti, pumua, utatuachia kijiji bila kiongozi!"

Lakini Bwana Afya hakucheka. Alikuwa kijana Mwislamu kutoka Pangani, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, na alikuwa amechoka kwa safari. Agizo lilisema kumi. Akakaa chini, akalifungua fundo kwa meno, akalisogeza upana wa vidole vinne, akalifunga upya na kulichovya kwenye wino. Tukapimwa tena. Ndipo nilipoonekana mnene.

Kabla ya kuanza alikuwa ameuliza, lazima niseme haki yake. Alisimama akasema kwa sauti, "Kuna mwenye mimba hapa? Wajawazito hawapimwi."

Hakuna aliyejibu. Wanawake wote walikuwa wakijua, na wote waliinamisha macho mchangani. Kwetu wakati ule mwenye mimba hakuitamka kwa kinywa chake, wala mwingine hakumtamkia. Tumbo liliachwa likue lenyewe, watu wakijifanya hawalioni, mpaka siku ya kumwita mkunga. Mimi nilikuwa nimeshapoteza mimba mbili. Ya kwanza niliisema kwa furaha mbele ya akina mama wa kanisa, ikatoka wiki ileile. Ya pili nilimnong'oneza dada yangu tu. Mama mkwe wangu, Bonifasia, alinishika mikono yote miwili akaniambia, "Hii ya tatu, Mektilda, hata usingizini usiitaje." Kwa hiyo ule ukimya wa wanawake siku ile haukuwa ukatili. Walikuwa wakinilindia mtoto.

Bwana Afya angejuaje? Kwao watu waliuliza na kujibiwa.

Adhabu ilisomwa: kila aliyeandikwa abebe madebe matano ya mchanga kila asubuhi, kwa majuma mawili, kutoka majini hadi shuleni. Nilikiangalia kile kilima. Nilikuwa nimezoea kukipanda na ndoo ya maji, nikijua mahali pa kupumzikia, na hata hivyo kwa mwezi ule Cuthbert, mume wangu, alikuwa akinichotea maji kabla hajaenda kutega nyavu, ili nisibebe kitu. Debe la mchanga mbichi, mara tano, siku kumi na nne. Nilihisi tumbo langu likiwa gumu kama ngozi ya ngoma.

Mama Walburga alikuwa amesimama karibu yangu. Watu wa milimani hawakuwa na mwiko huo. Kwao mimba ilitajwa kama mvua. Nilimwona akifungua kinywa. Nikamtazama, nikatikisa kichwa kidogo sana, kiasi ambacho mwingine asingeona. Akakifunga. Kisha akakifungua tena.

"Bwana Afya, unene wa huyu ni wangu."

"Unasemaje, mama?"

"Jiko letu ni moja. Mimi ndiye ninayempakulia, na mkono wangu ni mzito. Madebe yake niandikie mimi."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. "Gunia limepata ndama!" alipiga kelele mtu mmoja. Jiko letu halikuwa moja. Kila mtu alilijua hilo.

Bwana Afya alipangusa miwani yake. "Debe ni debe," akasema mwishowe. "Jina lake libaki kwenye orodha. Kubeba, abebe anayetaka."

Ndivyo Mama Walburga alivyobeba madebe kumi kila asubuhi.

Nilipanda nyuma yake na debe lenye mchanga wa kufunika kitako chake tu, ili nionekane nami nafanya kazi. Nilimsikia akipumua. Mpaka leo nikisikia mtu akikoroga uji mzito sufuriani, ninaisikia ile pumzi. Watu walikaa njiani kutazama. Jioni alikuja kwangu akakaa kizingitini, nikamkanda miguu kwa maji ya moto. Nilipobonyeza kidole gumba juu ya kifundo cha mguu, shimo lilibaki palepale kama kwenye unga uliokandwa.

"Mama, basi," nilimwambia siku ya tano. "Kesho nitasema."

"Unaamini kwamba ukisema atatoka?"

"Ninaamini."

"Mimi siamini," alisema. "Kwetu tungekwishasema zamani, tukapika na pombe. Lakini ukisema, halafu litokee la kutokea, nitaishije ukuta mmoja na wewe? Kanda upande huu, mwanangu. Nimezaa sita. Mgongo huu umezoea."

Siku iliyofuata nilipoteremka ufukweni alfajiri nilikuta mchanga umetandazwa juu ya tanga kuukuu la Cuthbert, umeanikwa tangu jana yake, mkavu, mwepesi kuliko ule wa majini. Mume wangu hakuwa mtu wa maneno mengi. Na yule aliyepiga kelele za ndama, nilimkuta ameweka jiwe bapa katikati ya kilima, mahali penye kivuli, pa Mama Walburga kuketi. Aliponiona aliangalia pembeni, akajifanya anatafuta kamba ya mbuzi wake.

Siku ya tisa akaja mkubwa kutoka Mbinga kukagua. Aliteremka kwenye Landrover, na tumbo lake likatangulia. Hakuna aliyemzungushia kamba. Bwana Afya alimfuata nyuma akiwa ameishika mkononi, imekunjwa, fundo jekundu likining'inia kati ya vidole vyake.

Mkubwa aliketi kwenye kiti cha mwenyekiti pale ufukweni, akataka orodha isomwe na kila mtu aonyeshe kazi yake. Mzee Othmar akasoma. Alipofika kwenye jina langu, mkubwa akatazama debe langu akaona mchanga wa chini tu.

"Huyu anacheza?"

Mzee Othmar akajikanyagakanyaga. "Mzee, huyu… madebe yake yanabebwa na yule mama pale."

Tukageuka wote. Mama Walburga alikuwa katikati ya kilima na debe la sita kichwani. Hakulifikia lile jiwe la kivulini. Alikaa chini taratibu, pale pale juani, kama mtu anayeweka mzigo wa mayai. Debe likateleza kutoka kwenye kata ya kichwani, mchanga ukamwagikia mapajani mwake. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Mwoneni," alisema mkubwa. "Hao ndio hasa tunaowatafuta. Kubeba kwa niaba ya mtu ni unyonyaji vilevile. Kila mtu na debe lake. Mjazieni huyu binti, apande mbele yangu nimwone."

Debe likajazwa. Mzee Othmar mwenyewe ndiye aliyelijaza, na niliona akichota kwa ncha ya koleo, kidogo kidogo, akimwaga pembeni kila alipoweza, lakini mkubwa alikuwa ameinuka kitini, amesimama juu yake. Likajaa. Wakaliweka mbele yangu.

Wanawake walikuwa wamesimama mstari mmoja. Mama mkwe wangu alikuwa katikati yao, mkono kinywani.  Niliona wote wakiliangalia tumbo langu na kuondoa macho, wakiliangalia na kuondoa macho. Ziwa lilikuwa limetulia siku hiyo, na nilisikia mtumbwi mmoja ukigonga jiwe, mbali.

Niliwaza kwamba pengine naweza. Mara moja tu, polepole. Wanawake wamebeba zaidi ya hapo. Nikainama, nikashika ukingo wa debe, na chini ya kitovu kitu kikavuta kama uzi.

Ndipo nilipomwona Mama Walburga. Alikuwa akiteremka. Hakusimama, hakuwa na nguvu hiyo. Alikuwa akijivuta kwa makalio, hatua kwa hatua, kutoka kule katikati ya kilima, mkono mmoja kifuani. Alifika akaweka vidole vyake juu ya ukingo wa debe, karibu na vyangu. Kucha zake zilikuwa za buluu.

"Achia," aliniambia. "Nimeshapumzika."

Nilinyoosha mgongo.

"Nina mimba," nikasema.

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Nikarudia, maana lililokwisha kusemwa halirudi. "Nina mimba ya miezi mitano. Na huyu mama ni mgonjwa. Anakufa hapa, nanyi mnamtazama."

 Kisha mama mkwe wangu alitoka kwenye mstari. Nilidhani anakuja kunipiga. Alivua khanga yake mabegani, akanizungushia tumboni mara mbili, akaifunga kwa nguvu, kama mtu anayefunga mlango upepo ukishaingia.  Hakunilaumu siku ile, wala siku nyingine yoyote ya maisha yake.

Bwana Afya aliitazama kamba mkononi mwake.

"Niliuliza," akasema kwa sauti ndogo.

"Uliuliza," nikamjibu.

Akapiga magoti kwenye mchanga, akashika kifundo cha mkono cha Mama Walburga, akahesabu mapigo, midomo yake ikicheza. Akambonyeza mguu kwa kidole gumba, akaliona lile shimo. Alipoinuka hakuwa kijana yule yule. Alimwambia mkubwa wake, "Mzee, huyu hatakiwi kubeba hata kikombe. Huu si unene, ni maji. Moyo wake unashindwa. Gari limpeleke hospitali ya Litembo sasa hivi."

"Nina mkutano Lituhi saa nane."

"Utachelewa, mzee."

Nilikuwa sijawahi kumsikia mtumishi akimjibu mkubwa wake hivyo. Mkubwa alimtazama, akatutazama sisi, na naona aliona kitu nyusoni mwetu, maana alichukua kofia yake akaketi kwenye kivuli. Wanaume wanne walimwinua Mama Walburga. Wa kwanza kushika alikuwa yule wa ndama. Bwana Afya alipanda nyuma ya gari pamoja naye, akiwa amekiweka kichwa chake magotini ili kisigonge bati.

Kamba haikupima tena kiuno kijijini kwetu. Lakini kwangu mimi kazi ndiyo kwanza ilianza, kazi ya kungoja. Neno nilikuwa nimelisema, mchana, mbele ya watu mia mbili. Kila asubuhi nilipoamka niliutia mkono chini ya kitenge kabla sijafungua macho. Ilipita siku moja, jua kuchomoza hadi kutua, mtoto hakucheza. Mama mkwe aliweka sikio tumboni kwangu akakaa hivyo mpaka mgongo wake ukakataa kunyooka.  Alipohisi teke, alinyanyuka akaenda kupika, na nikamsikia akilia juu ya moshi na kuulaumu moshi.

Mama Walburga alirudi baada ya miezi miwili. Alishushwa na lori la kahawa njia panda, akatembea. Sikumtambua. Maji yalikuwa yamemtoka, gauni lilimning'inia kama limeanikwa mtini. Walioketi njiani walisimama. Hakuna aliyemwita Gunia. Walimwambia, "Pole, mama," naye akaitikia mmoja mmoja. Hakupita kwake. Alikuja moja kwa moja kwangu, akatua kifurushi cha dawa, akasimama mbele yangu.

"Bado yumo?"

"Bado yumo."

"Haya," alisema, akakaa chini akaomba maji ya kunywa.

Binti yetu alizaliwa mvua za kwanza, mwezi wa kumi na moja. Huyo ndiye mama yake Winifrida.

Alipotimiza miezi mitatu, Bwana Afya alikuja kupima watoto. Wengi walikuwa wakisema alihamishwa kwa ajili ya siku ile, lakini alikuja, miwani bado imefungwa uzi. Tulikutana kwenye darasa jipya, lile lililojengwa kwa mchanga wetu. Alikuwa na mizani ya kuning'iniza, yenye mfuko wa turubai wenye matundu mawili ya miguu, na aliifunga kwenye boriti kwa kamba ya katani. Niliitambua kabla sijaliona fundo. Wino ulikuwa umefifia ukawa rangi ya kutu.

Akamtia mtoto wangu mfukoni, akamwachia. Mtoto akaning'inia pale, miguu ikipiga hewa, akitazama juu. Mshale wa mizani ukayumba, ukatulia. Darasa zima lilikuwa limejaa akina mama, na Bwana Afya alikuwa akizisoma kilo za kila mtoto kwa sauti, mwandishi akiandika.

Alifungua kinywa. Mama mkwe wangu, aliyekuwa nyuma yangu, alikohoa kidogo tu, kama anayekataza.

Bwana Afya alimtazama. Akanitazama mimi. Akafunga kinywa, akachukua kalamu mwenyewe, akaandika kwenye kadi, kisha akaigeuza kadi upande wangu ili nisome. Nilikuwa nimefika darasa la nne. Niliisoma kimya, nikamwitikia kwa kichwa, naye akaniitikia vivyo hivyo.

Mama Walburga hakujua kusoma. Alikuwa ameketi kwenye benchi la mwisho, fimbo kati ya magoti, na kutoka kule aliniuliza kwa macho: vipi?

Nikajaza mashavu yangu hewa, yakavimba kama ya chura.

Akacheka mpaka fimbo ikamwanguka.